Filamu nne za Donald Calthrop: uanzie ipi?

Wako watu wanaoijua sura ya Donald Calthrop bila kulijua jina lake. Ni yule bwana mwembamba, uso mkavu, macho hayatulii, anayejitokeza katikati ya filamu akiwa na kofia mkononi na siri ya mtu mwingine mfukoni. Hakuwa steringi. Alizaliwa London mwaka 1888, akakomaa jukwaani, na sinema ya Uingereza ilipoanza kusema mwaka 1929 alikuwa na miaka 41, umri ambao waigizaji wengi wa sinema bubu walikuwa wanahangaika sauti zao zitapokelewaje. Yeye sauti alikuwa nayo tayari. Kwa miaka kumi na moja iliyofuata akawa mtu wa nafasi za pembeni: tapeli, mwoga, mdeni, karani. Alifariki mwaka 1940 akiwa bado kazini.

Anayetaka kumjua hukwama mapema, kwa sababu filamu zake ni nyingi na katika baadhi yake anapita kama upepo. Nimezipunguza hadi nne: Blackmail (1929), Rome Express (1932), Number Seventeen (1932) na Scrooge (1935). Hizi ndizo watu hubishania wakitaka kuanza naye, na kila moja inamwonyesha kwa namna yake.

Tunazipima kwa nini

Kwanza, nafasi yake mwenyewe. Yupo kwa muda gani, na akiwepo anafanya nini cha kukumbukwa? Kwa mwigizaji wa pembeni hili ndilo la msingi, maana unaweza kukaa saa nzima na nusu ukimsubiri mtu anayetokea mara mbili.

Pili, sauti na Kiingereza. Maikrofoni zilikuwa changa, nakala nyingi zimechakaa, na hakuna DJ wa kibanda umiza aliyewahi kuzitafsiri. Kama unazitazama bila maandishi ya chini, utazitegemea hedfoni zako na subira yako.

Tatu, filamu yenyewe: ukimtoa Calthrop, bado inatazamika? Na mwisho, inamfaa nani. Alama sitoi. Niliwahi kujaribu kuzipa alama nikajikuta nabadilisha kila wiki kutegemea nimetoka kuona ipi.

Tahadhari moja: nitagusa miisho ya watu wake katika filamu mbili za kwanza. Kama hutaki kujua, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

Blackmail (1929)

*Nafasi yake.* Anaitwa Tracy, na anaingia hadithi ikiwa imeshakwenda mbali. Alice White, binti wa muuza tumbaku, amemuua mchoraji aliyetaka kumbaka. Alijitetea kwa kisu cha mkate. Mchumba wake Frank ni askari kanzu, ameokota glovu moja ya Alice mahali pa tukio na kuificha. Glovu ya pili anayo Tracy.

Sasa tazama anavyoingia. Ni asubuhi, dukani kwa baba yake Alice. Hapigi kelele wala hatishi. Anachagua sigara nene, ya bei. Anainusa, anaigeuzageuza, anaiwasha bila haraka yoyote, na anayelipa ni Frank. Halafu, kama vile nyumba ni yake, anajipatia kifungua kinywa kwa mama wa Alice, anakaa mezani, anakula, anapiga mluzi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja, na wenyeji wamesimama pembeni hawajui hata mikono yao waiweke wapi.

Maneno anayosema ni machache mno kwa kazi inayofanyika. Kumkamua mtu pesa kwa siri yake ni kosa ambalo waigizaji wengi huliigiza kwa macho makali na sauti nzito. Calthrop analiigiza kwa shibe. Kila tonge ni tishio, na ndiyo maana unamchukia kuliko muuaji wa kawaida.

Kisha upepo unageuka. Inajulikana kwamba polisi wanamtafuta Tracy mwenyewe kwa mauaji yale, kwa kuwa alionekana akizungukazunguka pale na ana rekodi ya uhalifu. Ndani ya chumba kilekile, mbele ya sahani ileile, mtu anasinyaa. Bega linashuka. Ile sauti ya aliyeshiba inakuwa sauti ya mtu anayeomba nauli stendi. Na hapo, bila kupenda, unaanza kumwonea huruma. Anatoka kwa kuruka dirishani, anakimbizwa hadi British Museum, anapita mbele ya uso mkubwa wa jiwe wa Misri ya kale akionekana mdogo kama sisimizi, na anamalizikia juu ya kuba la chumba cha kusomea, akiwa karibu kutaja mtu wanayepaswa kumkamata badala yake. Kioo kinavunjika kabla hajamaliza.

*Sauti na Kiingereza.* Dakika za mwanzo hazina mazungumzo kabisa. Mara ya kwanza nilichomoa hedfoni na kuzichomeka upya mara tatu nikidhani zimekufa. Si ubovu wa nakala. Kazi ilianza kama sinema bubu, studio za British International Pictures kule Elstree zikaamua kuipa sauti, na mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, akapiga upya sehemu kubwa. Toleo bubu nalo lipo, kwa hiyo hakikisha unachopakua ni lile la sauti, la sivyo sauti ya Calthrop hutaipata.

Kuna na ya Anny Ondra, anayeigiza Alice. Alikuwa Mcheki mwenye lafudhi nzito, na teknolojia ya kupachika sauti baadaye ilikuwa haijakomaa. Basi mwigizaji mwingine, Joan Barry, alisimama nje ya picha akisema maneno kwenye maikrofoni huku Ondra akichezesha midomo. Ukishajua, huwezi kuacha kuiona midomo hiyo.

Faida kwa sisi tuliojifunza Kiingereza darasani: wanaongea taratibu, kana kwamba wanatusomea imla. Kwa kusikiliza, hii ni rahisi kuliko filamu nyingi zilizokuja baadaye.

*Filamu yenyewe.* Inasimama bila yeye. Ile asubuhi jirani anapopayuka kuhusu mauaji, na neno moja tu, kisu, likawa ndilo linalosikika wazi masikioni mwa Alice, inatosha peke yake kumfanya mtu aendelee. Nusu ya kwanza ina sehemu zinazoburuta, sikatai.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kumwona Calthrop akiwa kileleni, na mwenye uvumilivu wa karibu nusu ya filamu kabla hajatokea. Haifai kutazamwa na watoto sebuleni, kwa sababu ya tukio la kwa mchoraji.

Rome Express (1932)

*Nafasi yake.* Kama Tracy alikuwa anakamua, Poole ndiye anayekamuliwa. Huu ndio ulinganisho mzuri kuliko wote katika orodha hii, na kama una muda wa filamu mbili tu basi hizi mbili zinazungumza. Poole ameiba mchoro wa Van Dyck, mchoraji maarufu wa kale, pamoja na wenzake, akawazunguka, na sasa yuko kwenye treni ya kutoka Paris kwenda Rome akiwa na mchoro ndani ya mkoba. Wenzake, Zurta na Tony, wanaidaka treni dakika za mwisho.

Calthrop hapa anaigiza woga, na woga wake una ngazi. Mwanzoni ni mtu wa kukaa sana chumbani, mkoba haubanduki. Halafu abiria mmoja msumbufu, Mwingereza wa kupiga gumzo na kila mtu, anamvuta kwenye mchezo wa poka. Mlango unafunguliwa, mtu wa kukamilisha meza anakaribishwa, na mtu huyo ni Zurta. Huwezi kunyanyuka, kwa sababu abiria wa kawaida hana sababu ya kumkimbia mgeni. Huwezi kusema kitu, kwa sababu utasema nini? Unashika karata zako. Mtazame Calthrop hapo asipokuwa akizungumza: jasho lake unaliamini.

Poole hafiki Rome. Kwa hiyo ujue mapema kwamba sehemu ya mwisho ya filamu utaitazama bila yeye.

*Sauti na Kiingereza.* Miaka mitatu tu baada ya Blackmail, lakini kwa masikio ni kama miaka kumi. Filamu ilipigwa Shepherd's Bush katika studio za Gaumont-British zilizokuwa zimetoka kujengwa upya, na milio ya treni, vishindo vya milango na mazungumzo ya korido vinaishi pamoja. Ubaya wake ni kwamba watu wanazungumza haraka, wanakatizana, na lafudhi ni za kila aina. Conrad Veidt, Mjerumani anayeigiza Zurta, ndiye anayesikika vizuri kuliko Waingereza wenyewe.

*Filamu yenyewe.* Kati ya hizi nne, hii ndiyo inayotembea vizuri. Mwongozaji ni Walter Forde, mtu aliyetoka kwenye vichekesho, na anajua kumweka kila abiria mahali pake: tajiri bahili anayejifanya mfadhili wa maskini, katibu wake aliyenyongʼonyea, nyota wa sinema, wapenzi wa kujificha. Mikoba miwili inafanana, inabadilishana wenyewe, na kuanzia hapo ni kizaazaa. Mmoja wa walioandika ni Sidney Gilliat, ambaye mwaka 1938 alikuja kushiriki kuandika The Lady Vanishes, treni nyingine iliyopata jina kubwa zaidi. Na yule Joan Barry aliyekuwa sauti tu katika Blackmail? Hapa unamwona uso wake, ni mmoja wa wapenzi wale.

*Inamfaa nani.* Anayetaka filamu kwanza na mwigizaji baadaye. Ukiwa na mwenzako asiyejali kabisa Calthrop ni nani, hii mtaifurahia wote wawili. Ni dakika kama 94.

Number Seventeen (1932)

*Nafasi yake.* Anaitwa Brant, mmoja wa genge linalofuata mkufu wa almasi. Anakuja usiku wa manane na wenzake kwenye nyumba tupu, eti wanataka kuikagua waichukue. Katika kundi la watu wanaodanganyana mlemle ndani, yeye ndiye anayeonekana ametulia kuliko wote. Nafasi si ndogo, ila haina kina. Hakuna kifungua kinywa hapa, hakuna meza ya poka. Kinachobaki ni namna anavyosimama kwenye ngazi na kivuli chake kikafika ghorofa ya juu kabla yake.

*Sauti na Kiingereza.* Ngumu. Leon M. Lion, anayeigiza mzururaji Ben, anazungumza lafudhi ya watu wa mashariki ya London kwa kasi na kwa kuimeza, na yeye ndiye mwenye maneno mengi. Mimi niliacha kufuatilia kila neno na nikabaki na picha.

*Filamu yenyewe.* Hitchcock, aliyeiongoza, mwenyewe alikuja kuikana waziwazi, na hakukosea sana: nusu ya kwanza hujui nani ni nani, na sidhani kama inataka ujue. Nusu ya pili ni mbio za treni na basi lililotekwa, zilizopigwa kwa modeli ndogo, na zinachekesha na kusisimua kwa wakati mmoja. Unaona kabisa kwamba treni ni ya kuchezea, na bado unashika kiti.

*Inamfaa nani.* Mwenye bando dogo na muda mfupi. Ni zaidi kidogo ya saa moja. Na mpenzi wa Hitchcock anayetaka kukamilisha orodha.

Scrooge (1935)

*Nafasi yake.* Baada ya matapeli wote hao, Bob Cratchit. Karani wa kulipwa kidogo, baba wa Tim anayetembea kwa gongo, mtu anayemwogopa bosi wake bahili, Scrooge, na bado anamwombea heri mezani. Nilipoona jina la Calthrop kwenye nafasi hii nilidhani wamekosea. Hawakukosea. Ule unyenyekevu wa Tracy alipobanwa, yale macho ya Poole, ni vitu vilevile, isipokuwa safari hii mwenye navyo hana hatia. Mtu mdogo aliye chini ya mtu mkubwa ndiyo ilikuwa taaluma yake; hapa amepewa bila uhalifu juu yake.

Kuna sehemu moja ambayo filamu nyingi za hadithi hii hupita mbali nayo. Katika maono ya wakati ujao yanayomjia Scrooge tunaonyeshwa Tim akiwa amekufa, amelazwa kitandani, na Bob yuko pembeni yake. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie wala maneno mengi. Calthrop anafanya kidogo sana pale, na mimi huwa nasimamisha filamu kwa muda kabla ya kuendelea.

*Sauti na Kiingereza.* Iko katikati. Seymour Hicks, mwenye nafasi ya Scrooge, alikuwa ameiigiza jukwaani tangu mwaka 1901 na katika sinema bubu mwaka 1913, kwa hiyo anaiporomosha kwa mbwembwe, anafoka na kumeza maneno. Calthrop anasikika safi. Inayosaidia ni kwamba hadithi ya Charles Dickens wengi tumeikuta shuleni au kwenye katuni, hivyo ukipoteza sentensi hupotezi njia.

*Filamu yenyewe.* Ilipigwa studio za Twickenham na kuongozwa na Henry Edwards, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya sauti ya hadithi hiyo. Bajeti inaonekana ilivyobanwa. Mzuka wa Marley, mshirika wa biashara wa Scrooge aliyekwisha kufa, unausikia zaidi ya kuuona. Sura yake inajitokeza kwenye kigongeo cha mlango, na baadaye Scrooge anazungumza na kiti kitupu. Wengine huona ni ubahili, mimi naona inatisha kuliko mtu aliyefungwa minyororo ya bati. London yake ni ya giza, ukungu na njaa, na ile karamu ya Meya huku maskini wakichungulia kutoka nje haikuwa lazima iwekwe, lakini nafurahi iliwekwa.

Angalia muda kabla ya kupakua. Filamu kamili ni kama dakika 78. Ziko nakala zilizokatwa hadi karibu saa moja.

*Inamfaa nani.* Familia, hasa Desemba, ila mwandae mtoto mdogo kwa kile kitanda. Pia mtu aliyemwona Calthrop akiwa mbaya na asiyeamini kama ana upande mwingine.

Zilizobaki nje

Katika Murder! (1930) yumo, ila filamu ni ya wengine. Elstree Calling, ya mwaka huohuo, ni mkusanyiko wa michezo na nyimbo ambamo anacheza kama yeye mwenyewe: kila akijaribu kutuletea Shakespeare wanamkatiza, na akipata nafasi hatimaye, pamoja na Anna May Wong, inageuka vita ya kurushiana keki. Ni kichekesho, si pa kuanzia. Major Barbara, iliyotoka 1941, ina Peter Shirley wake, mzee aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya umri. Calthrop alifariki filamu hiyo ikiwa bado inapigwa. Hiyo iweke mwisho.

Sasa chagua kwa hali yako

Kama hujawahi kutazama filamu ya kabla ya vita na unaogopa kuchoshwa, chukua Rome Express. Utamkosa mwishoni, lakini hutachoka.

Kama unasomea uigizaji, au uko kwenye kikundi cha maigizo na mnataka kitu cha kujadili, Blackmail. Mkibanwa na muda, nendeni moja kwa moja kwenye kifungua kinywa, mtazame mpaka dirishani, halafu mrudie mara ya pili sauti ikiwa imezimwa. Hesabuni ni mara ngapi anagusa kitu ambacho si chake.

Kama Kiingereza cha kusikiliza ndicho kinachokusumbua, bado ni Blackmail, kwa sababu ya ule mwendo wa imla. Scrooge ifuate, na Number Seventeen iache kabisa hadi upate nakala yenye maandishi.

Kama ni jioni na wazazi au watoto, Scrooge, nakala ndefu. Wazee waliowahi kuwa makarani wataelewa Bob bila kuelezwa.

Kama una saa moja tu na bando linakaribia kuisha, Number Seventeen, na usijisumbue kuuliza nani amemdanganya nani. Subiri treni.

Na kama unaweza kutenga siku mbili kwa ajili yake yeye tu, weka Blackmail Ijumaa na Scrooge Jumamosi, bila kitu kingine katikati. Siku ya pili, Bob atakapokuwa amesimama mbele ya bosi wake, tazama mabega. Utayatambua.